Jamaa wa kwenye kaunta buku

Kipindi hicho nimemaliza fomfo nasubiri matokeo, nakaa Mbeya kwa shangazi, na shangazi alikua na meza ya mitumba pale Mwanjelwa, soko la zamani lile lililoungua 2006, wakongwe mnalikumbuka. Wateja wakikata mi nafungua kaunta buku naandika hadithi. Fundi cherehani wa jirani akaomba asikie, kijana wake wa kazi akawa anasoma kwa sauti huku fundi anashona, mama wa chapati akasogeza jiko, ikawa ndo redio yetu.

Jamaa wangu mkuu ni Obadia, anauza mbao Mafinga, si unajua kule na msitu wa Sao Hill kila mtu ana habari za mbao. Wenzake wakamkabidhi hela wakanunue lori, akalala nazo mbele. Akapandia treni ya Tazara Makambako, akashukia Tunduma, mpakani na Zambia, na kuanzia hapo anaitwa Jofrei, anabadilisha kwacha mtaani, zile kwacha za masifuri mengi kabla Zambia hawajayakata matatu 2013.

Sasa mi sikutaka kumwambia msomaji kwamba Jofrei ndo Obadia. Nilitaka amgundue mwenyewe. Na hapo ndo pana shughuli, maana mhusika anaweza akaitwa majina hata kumi kwenye maongezi na watu wasipotee, mke anamwita hivi, polisi anamwita vile, poa tu. Ila msimulizi mwenyewe akibadili jina basi kwa msikilizaji kaingia mtu mwingine kabisa. Lazima aje na kitu cha yule wa kwanza. Nikampa shubiri. Mtu wa mbao huyu, kila kitu anakipima kwa kiganja, meza, mlango, kitanda cha gesti. Nikajiona nimeua.

Sura ya Tunduma ilipita, wakamsoma Jofrei kama Jofrei. Nikamvusha mpaka mpaka Nakonde, upande wa Zambia, nikampa jina la Kizambia, utingo mmoja wa malori ya Lusaka aliyekuja kupunguza suruali akanikata stimu, "Sista hapo hujamficha, Wanyamwanga wako pande zote mbili, mtu wa Tunduma anavuka kwenda kumsalimia shemeji yake anarudi kula nyumbani." Nikachana ile sura. Nikamshusha Kyela, akawa mnunuzi wa kokoa.

Kyela nako shangazi akaniwekea ngumu. Yeye Mnyakyusa, akasema usithubutu kumpa jina la Mwa-nanihii, maana wataanza, wa Mwa-nanihii gani, wa kijiji gani, babu yako kazikwa wapi, chai haijapoa wameshajua muongo. Basi nikamwita mzee Lusajo tu, kazaliwa Kitwe, wazazi walikufa hukohuko. Nikamfuga ndevu, nikampa miwani na fimbo, nikamfanya mzee wa kanisa.

Siku sura hiyo inasomwa ilikua masika, mvua ya Mbeya ile ya kutwa nzima, hakuna mteja, tumebanana chini ya turubai. Kijana anasoma. Lusajo anapima meza ya mizani kwa shubiri, mi namwangalia fundi, fundi anashona. Lusajo anapima dirisha. Kimya. Mama anageuza chapati. Nikasema moyoni hawa watu vipi.

Afu ikafika pale Lusajo yuko stendi ya Kyela, kamwona mtu wa Mafinga, anataka kuruka na gari la Kasumulu, mpakani na Malawi, gari limeshawashwa, kondakta anagonga bodi, na mzee anashuka anarudi mbio na fimbo yake kumlipa mama wa chai shilingi mia.

Cherehani ikasimama. "Obadia huyo."

Kijana akarudi nyuma kwenye daftari anatafuta na kidole. "Fundi mbona hawajaandika Obadia?"

"Hawajaandika. Ndo yeye."

Akaanza kutukumbusha. Mafinga usiku ule anatoroka na mamilioni ya watu, si alipitia kwa mama wa ugali akamwachia deni lake chini ya sufuria? Na yule Jofrei si alimwamsha mlinzi saa tisa usiku kumpa hela ya sigara mbili? "Huyu anaiba kikubwa, kidogo kinamnyima usingizi." Kijana akabisha, sasa ndevu je, fimbo je, mtu mzee wa kanisa huyu! Fundi akamjibu, "We ukipima mteja huwa unapima suruali aliyokuja nayo?"

Ukweli ile ya madeni madogo sikuiweka kama alama hata kidogo. Niliiweka kwa sababu nampenda jamaa, sikutaka awe mbaya mpaka kwenye kucha. Na kwa kweli niliudhika, siri niliyokua naitunzia sura ya mkewe imefia kwenye turubai.

Kijana akanishauri, "Dada ungemwekea kovu tu yaishe." Wazo si baya, baadae nilikuja kusoma hadithi ya Wagiriki, Odysseus karudi kwake kajifanya ombaomba, yaya anamuosha miguu akalijua kovu la nguruwe pori. Ila mkewe kovu halikumtosha, akamtega kwa habari ya kitanda ambacho mumewe alikichonga mwenyewe juu ya shina la mzeituni. Mtu wa mbao na yeye! Huyo mke angekaa vizuri sana na mama yetu wa chapati.

Maana mama ndo alikua kakasirika kuliko wote. "Kwahiyo mwenzie analia Mafinga na watoto, huyu anagawa sadaka Kyela?" Akaniamuru, ndo neno lenyewe, akaniamuru nimpeleke yule mke Kyela. Asimwite jina lolote, afungue meza ya chai pale stendi, ajifunge kanga mpaka usoni. "Amuuzie chai. Akitoa noti kubwa amwambie sina chenji baba, nenda tu utanipa siku nyingine. Afu akae asubiri."

Fundi akacheka. "Atarudi huyo."

"Arudi tu," mama akasema, "na chapati zangu za moto zipo."