Donda ndugu la mguu halihitaji kukaushwa

Kwa miezi mingi shangazi yangu wa Makorora, hapa Tanga, aliugua kidonda kilichokuwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, na kila asubuhi alifungwa shashi kavu ambayo kesho yake ilibanduliwa ikiwa imegandamana na nyama. Ukiitazama shashi ya namna hiyo kwa karibu, utaona vidoa vya damu mbichi na utando mwembamba ulionasa katika nyuzi. Utando huo ni ngozi changa iliyokuwa imeanza kutambaa kutoka ukingoni, nasi tulikuwa tukiing'oa kila siku kwa nia njema.

Muuguzi aliyetufundisha kuacha jambo hilo alipata upinzani kwanza kwa shangazi mwenyewe, aliyeniuliza, "Mwanangu, kidonda kikikaa majimaji kitapona vipi?" Jibu lake ni la zamani kidogo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe, kwamba majeraha yaliyofunikwa kwa plastiki nyembamba yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi yakashika kigaga, kwa kuwa ngozi mpya husogea kwa urahisi palipo na unyevu.

Kwa kuwa kidonda kilikuwa kikitoa maji mengi, alifungwa aljineti, kitambaa laini kinachotengenezwa kwa mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa na akina mama wa pwani yetu ni wa jamii nyekundu na matumizi yake ni mengine, kwa hiyo tafadhali mtu asiuchukue ufukweni akajifunga nao.) Nyuzi za aljineti zina kalisiamu, ambayo hubadilishana nafasi na sodiamu iliyomo katika majimaji ya kidonda, na hapo kitambaa hugeuka ute mzito unaooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali bila kuvuta nyama. Maji yalipopungua alibadilishiwa hidrokoloidi, bandiko linalonata kwenye ngozi na kutunza unyevu, ambalo hukaa siku kadhaa, kwa sababu aljineti ikiwekwa penye ukavu hunata kama shashi ileile.

Hata hivyo, ningesikitika sana kama msomaji angekimbilia duka la dawa kununua vifaa hivi peke yake. Vidonda vingi vya sehemu ile husababishwa na vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ambazo vali zake, vilango vinavyozuia damu isirudi chini, zimelegea, damu ikashindwa kupanda na mguu ukavimba. Kinachoviponya hasa ni bandeji ya kubana, yenye mgandamizo wa takriban milimita 40 za zebaki (kipimo kilekile cha presha ya damu) kifundoni na unaopungua kuelekea gotini. Wala bandeji hiyo haifungwi kwa kukisia. Kwanza hulinganishwa presha ya kifundo na ya mkono, na uwiano ukiwa chini ya 0.8 huenda ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zimeziba, na kubana kwa nguvu kunaweza kuua mguu. Mwenye kisukari au selimundu anahitaji uangalifu zaidi, na kidonda chenye kingo zilizoinuka kisichopona kwa muda mrefu kikatwe kinyama kipimwe saratani.

Kidonda cha shangazi kimefunga. Soksi za kubana anaendelea kuzivaa kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, kwa kuwa vali zilizolegea hazikupona pamoja na ngozi, na akiziacha kidonda kinaweza kurudi palepale.