Samaki wa Kasenga na barabara ya Zambia

Siku zangu za Kasenga, mji wetu wa Kongo ulio kando ya Mto Luapula, kwa ndugu za mama, zilikwenda vizuri. Kinachoniandikisha ni kurudi Lubumbashi.

Nauli ilikuwa imepanda tena kwa sababu ya mvua, na bado tulibanwa wanne kwenye kiti cha watatu. Kabla ya Kasomeno tukakuta lori limejilaza katikati ya njia, magurudumu ya nyuma yamezama matopeni. Foleni ikajipanga pande zote mbili, jua likafika utosini, hakuna aliyepita.

Ndani ya gari letu alikuwemo mama mmoja mwenye samaki wabichi waliolazwa kwenye barafu. Kila mara alifunua kifuniko, akachota kwa kopo maji ya barafu iliyoyeyuka, akayamwaga chini, kisha akainua shavu la samaki mmoja aone kama bado ni jekundu. Mchana mashavu yakaanza kugeuka kahawia. Akaomba kuni kwa wenyeji, nasi abiria tukashika visu tukamsaidia kupasua, akawabanika pale pale kando ya njia.

“Wabichi nawauza kwa bei yangu, mwanangu,” aliniambia huku akipepea moto. “Hawa sasa nitapangiwa bei.”

Njia hiyo ndiyo ya mradi mpya wa barabara: kutoka Kasomeno kupitia Kasenga, daraja la mita 345 juu ya Mto Luapula ulio mpakani, hadi Mwenda upande wa Zambia, kilomita zaidi ya 180 kwa jumla. Leo shaba yetu inayokwenda bandari ya Dar es Salaam huteremka kwanza kusini hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikapita Kapiri Mposhi, ndipo ikapanda tena kaskazini mashariki hadi Nakonde na Tunduma, mpaka wa Zambia na Tanzania. Njia mpya itaukata mzunguko huo. Aliyewaona madereva wa Kasumbalesa wakipika bukari, yaani ugali, chini ya malori yao, wakisubiri zamu ya kuvuka, hahitaji kuelezwa faida yake. Naitaka barabara hii kwa moyo wote.

Ila mwekezaji atarudisha pesa zake kwa ushuru wa barabara, na mama yule alipolisikia hilo aliacha kupepea. “Sisi wa samaki tutalipa ngapi?”

Ana haki ya kuuliza. Kasenga imeilisha Lubumbashi tangu enzi za Wabelgiji, wafanyabiashara Wagiriki walipokuwa wakileta samaki wa Luapula kwa wafanyakazi wa migodi. Lori la shaba linaweza kubeba ushuru mkubwa na tajiri wake asihisi. Mwenye makasha mawili ya samaki akitozwa vivyo hivyo, gharama itahamia kwenye sahani zetu huku mjini, ambako samaki tayari ni ghali.

Basi ushuru wa gari dogo la samaki utangazwe mapema, kabla daraja halijafunguliwa, na uwe mdogo. Na pale Kasenga kijengwe chumba cha baridi.