Kizibao cha kijani na utepe wa kijivu: siku yangu kibarazani, Chake Chake

Saa 12 na nusu asubuhi nishatoka nyumbani Machomane. Msimu wa karafuu umepamba moto, na kila penye nafasi kando ya barabara wenyewe wanaanza kutandika mikeka na majamvi. Zikishamwagwa karafuu, mwenda kwa miguu hana pake. Anashuka kwenye lami agawane njia na gari. Watoto wa skuli nawatambua kwa mbali kwa shungi zao nyeupe. Baba zao wanaokwenda mashamba, shati la udongo na suruali nyeusi, nawajua wakishanifikia na kunisalimu.

Saa 2 nafungua kibaraza changu cha ushoni. Naanza na suruali za skuli za kupunguza, ambazo hazina la kusimulia.

Saa 3 anafika kijana anayesimamia kituo cha bodaboda hapo chini. Wameniagiza vizibao vya sare, kitambaa kile cha kijani kinachowaka. Leo kaja na utepe wake mwenyewe, wa dhahabu, kautoa duka la vitu vya harusi.

"Dada, huo wako wa kijivu umefubaa. Sisi tunataka kitu kinachometameta."

Sikubishana naye. Nilivuta mlango mpaka ndani kukawa kiza, nikazitundika tepe mbili ukutani, nikamwambia awashe tochi ya simu aiweke ubavuni mwa jicho lake. Ule wa kijivu ukalipuka mweupe kama taa ya tyubu. Wa dhahabu ukatoa vimulimuli viwili vitatu, basi. Nikamwambia sasa aipeleke tochi mbali, mkono unyooke. Wa kijivu ukafa pale pale. Akarudia mwenyewe mara kadhaa, huku anacheka.

Siri yake ni chembe ndogo sana za kioo zilizotandazwa juu ya utepe. Kila chembe inaurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Dereva kakaa karibu na taa za gari lake, kwa hiyo mwanga unamrudia yeye. Aliyesimama pembeni haoni kitu, wala si yeye anayekuja kukugonga.

Kile kijani nacho kazi yake ni ya mchana. Rangi yake inapokea mionzi ya jua ambayo macho yetu hayaioni, kisha inaitoa kwa sura ya mwanga tunaouona, ndiyo maana inaonekana kali kuliko kila kilichoizunguka, hata asubuhi ya mawingu. Usiku taa za gari hazina mionzi hiyo ya kutosha, kijani kinapumzika na utepe unashika zamu. Ukiona kizibao cha bei ya kutupa, kimulike kwanza kwa tochi ya simu iliyo usawa wa jicho. Vingine utepe wake ni rangi ya kijivu iliyochapwa tu.

Saa 5, mjomba mmoja mpagazi wa bandarini analeta kizibao cha mtumba kilichokatika zipu, cha rangi ya chungwa. (Ndiyo rangi waliyoanza nayo watu wa reli Uingereza, kwenye majaribio ya mwaka 1964 kule Scotland.) Ndani kina lebo yenye mchoro wa kizibao, namba 2 na maandishi EN ISO 20471, kipimo cha Ulaya. Namba 2 ni daraja: kitambaa cha kuwaka kisipungue mita za mraba 0.50, utepe usipungue 0.13, na upana wa utepe uwe si chini ya sentimita 5. Nikapima kwa futi yangu, upana umetimia. Lakini mabegani jua limeshaila rangi, na utepe umepasuka kwa Jik na kusuguliwa.

"Mjomba, zipu nitakutilia. Mwanga siwezi."

"Tia zipu, mwanangu. Nikikivaa hiki hakuna anayeniuliza nakwenda wapi."

Saa 7 sala, wali na mchuzi wa changu, na kunyoosha mgongo kidogo.

Kuanzia saa 8 nashona vile vizibao. Utepe huu hautaki pini katikati, maana kila tundu ni doa la kiza, kwa hiyo naushika kwa vibanio vya nguo na kupitisha mshono ukingoni tu. Pasi ya moto haiugusi kabisa.

Saa 11 jioni nageukia kanga za kukunga, kisutu za harusi. Hapa nafanya haraka, na si kwa sababu ya mwenye kanga. Mwanga ukipungua, macho yanapoteza nyekundu kabla ya rangi nyingine; buluu na kijani zinabaki muda mrefu zaidi. Nyekundu ya kisutu, iliyokuwa inapiga kelele adhuhuri, ikikaribia magharibi inaungana na nyeusi iliyo jirani yake, na weupe peke yake ndio unaobaki. Nyuzi nyekundu na nyeusi nazitenga mapema kwenye vikopo tofauti. Nikimsikia mzazi anamwambia mtoto avae nyekundu aonekane akitoka chuoni jioni, namwambia bora kofia nyeupe.

Saa 12 na nusu anapita Bi Mkubwa kuchukua buibui lake. Shikamoo, marahaba. Huwa anarudi darsani usiku, peke yake, kando ya barabara isiyo na taa. Nimemtilia utepe mwembamba wa vidole viwili pindoni, kwa nyuma. Pindo ndilo linalocheza mtu akitembea, na dereva akiona kitu kinachopanda na kushuka anajua huyu ni mtu, si kibao cha barabarani.

Akaligeuza, akalitazama kwa muda.

"Watu si watasema nimekuwa trafiki?"

"Mchana watadhani nakshi, Bi Mkubwa."

Nikalimulika. Akaguna, akauliza bei. Nikamwambia alipe utepe tu.

"Basi nishonee na la wifi yangu. Lakini lake ulitie nakshi ya kweli juu ya huo utepe, asije akasema zuri nimejichagulia mwenyewe."

"Juu ya utepe haiwezekani, itauziba."

"Basi itie chini yake. Nitalifuata Ijumaa."