Saa kumi, na giza limeshaingia

Jana tumetoka kipindini saa kumi na moja kasoro robo, na nje ulikuwa usiku hasa. Taa za barabarani zimewaka, tramu zinakatiza uwanja wa Augustusplatz zimejaa watu wenye makoti meusi, na mbinguni hamna hata wekundu wa kuonyesha kwamba jua lilipita. Nikasimama mlangoni pa chuo nikijiuliza: hii ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na moja usiku? Huu ni mwaka wangu wa pili Leipzig na bado sina jibu.

Watu wa nyumbani wakiniuliza kilichonitesa zaidi Ujerumani, hutarajia niseme baridi au chakula. Baridi nilinunua koti ikaisha. Chakula nacho, ukishuka Eisenbahnstraße kuna maduka ya Waarabu, ya Waturuki na ya Waafrika wenzetu, na wali wa nazi unapikika hata kwa tui la kopo. Kilichonitesa ni saa.

Sisi saa zetu tunazihesabu na jua. Likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza tena moja, na saa kumi na mbili ndiyo kizingiti cha pande zote mbili. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, nyuzi 5 kusini ya ikweta, ambako kizingiti hicho hakisogei sana mwaka mzima. Adhana ya magharibi ilikuwa saa yangu kabla sijajua kusoma saa ya ukutani. Huku ni nyuzi 51 kaskazini. Mwezi huu wa Desemba jua linachomoza saa mbili na dakika kumi hivi asubuhi, na saa kumi haijagonga limeshazama. Mwezi Juni linakaa mpaka saa tatu na nusu. Ninasomea hali ya hewa, kwa hiyo ule mwinamo wa dunia wa nyuzi 23.5 nimeuchora kwenye mitihani sijui mara ngapi. Niliujua kwa penseli tu. Mwili haukuwa na habari.

Juni ya kwanza nilimpigia mama simu ya video nikiwa Clara-Zetkin-Park. Watoto wanacheza mpira, watu wamelala kwenye majani, jua limenipiga usoni. Akaniuliza saa ngapi huko, nikamjibu saa tatu usiku.

"Usiku gani huo, mwanangu?"

Nikabaki mdomo wazi. Kwa Kiswahili nilichokuwa nacho, saa tatu yenye jua ni ya asubuhi, haina jina jingine. Tangu siku hiyo mama huniuliza "saa ngapi, na jua liko wapi?" na mimi naona ndilo swali sahihi. Oktoba, Jumapili ile ya mwisho ya mwezi wanaporudisha saa nyuma, nilipomweleza kwamba sasa tumepishana saa mbili badala ya moja, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani saa ni mali yao?" Sikuwa na la kumjibu.

Halafu kuna saa za Wasaksoni wenyewe, watu wa jimbo hili la Saksonia. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa na miadi katika ofisi moja, kwa ajili ya karatasi za makazi. Kwenye simu nikaambiwa "viertel neun". Viertel ni robo, neun ni tisa, tisa yao ni tatu yetu, basi nikaandika saa tatu na robo. Nilifika saa tatu kamili, nimevaa vizuri, vyeti vyote kwenye bahasha. Nikaambiwa miadi yangu ilikuwa saa mbili na robo, imeshapita, na nafasi nyingine ni baada ya wiki tatu. Nilirudi kwa miguu ili nisilie ndani ya tramu.

Aliyenifundisha ni bibi anayekaa ghorofa ya chini. Amezaliwa mji huu, na ile Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 walipoandamana kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, kwenye barabara inayozunguka katikati ya mji, naye alikuwemo. Hilo alinisimulia siku nyingine, kwa sauti ya chini. Siku ile ya miadi alinikuta kwenye ngazi, akaniingiza ndani, akaweka mezani keki ya tufaha ya duara na kisu. Akaniambia keki hii ni saa ya tisa, ile inayoanza nane ikaisha tisa. Akakata robo akanipa. "Viertel neun." Ya tisa imeliwa robo. Akakata ya pili: "halb neun", imeliwa nusu. Ya tatu: "dreiviertel neun". Nikaelewa palepale, maana nasi tunaihesabu saa kama kitu kinachotumika, siku ikaliwa saa baada ya saa tangu alfajiri. Alinifungia vipande vilivyobaki nikaenda navyo chumbani.

Sala ndizo zilizonilazimisha kukubali. Kipindi cha saa tisa na robo mpaka saa kumi na moja kasoro robo kinaimeza magharibi inapoingia, hivyo huswali nikitoka, kwenye kona ya korido karibu na maabara, koti likiwa mswala. Mwanzoni niliona haya. Siku moja mwenzangu wa darasa, kijana wa hapahapa, alisimama mwisho wa korido na baiskeli yake akawazuia watu wasipite mpaka nilipotoa salamu. Hatujawahi kulizungumzia.

Leo Jumamosi nilikuwa dirishani jua linazama, dakika tatu kabla ya saa kumi. Nimeswali, nikampigia mama. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili jioni na ushei.

"Shikamoo mama. Huku limeshazama."

"Marahaba. Waja leo waondoka leo, hilo jua lenu. Letu bado lipo, lile pale kwenye mnazi wa jirani."

Akageuza simu nilione. Tukaongea habari za shangazi, za bei ya samaki, za mtihani wangu wa Februari. Kama nusu saa hivi ikapita, na nyuma ya sauti yake nikasikia spika ya msikiti inakwaruza, kisha adhana. Akasema ngoja akaswali, atanipigia. Nikamwomba asikate kwanza.