Baiskeli si umaskini, Baba Mdogo

Jumapili, huku Bristol, Uingereza, niliweka picha kwenye status ya WhatsApp. Mimi, kofia ngumu kichwani, kaptura ya kubana, baiskeli pembeni, na nyuma yangu maua ya buluu yametanda chini ya miti utadhani mtu kamwaga rangi. Nikaona nimetoka vizuri. Nilipofika nyumbani simu ilikuwa imejaa missed call kutoka Uyole, Mbeya. Baba Mdogo. Nikampigia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Kazi ipo?"

"Ipo Baba."

"Na gari?"

"Gari lipo."

Akanyamaza kidogo. "Kama umeliuza sema tu. Sisi ni ndugu."

Kwenye grupu la familia hali ilikuwa mbaya zaidi. Binamu yangu mmoja kauliza kama na huku tunabeba mkaa. Mwingine kaandika "Ulaya imemshinda", na watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wakaweka vicheko. Mama Mkubwa akatuma sauti ya kuniombea. Mungu amjalie, lakini maombi yenyewe yalikuwa ya mtu aliyefilisika.

Basi ngoja niandike hapa, mara moja, nisirudie kwa kila mtu.

Najua wanakotoka. Nimekulia Mbeya. Baiskeli kwetu ni ya mbeba mkaa anayeshuka na magunia huku breki ni kandambili, au ya kijana anayesukuma mikungu ya ndizi kutoka upande wa Tukuyu. Ukiondoa Kyela, ambako ardhi ni tambarare na baiskeli haimshushii mtu heshima, huku juu kwetu kuna ngazi: unaanza na miguu, unapata pikipiki, Mungu akizidi kukukumbuka unapata gari la IST. Anayeonekana akishuka ngazi hiyo kwa hiari, tena yuko ughaibuni, lazima ana tatizo analolificha.

Gari ninalo. Linalala. Bima yangu ya mwaka wa kwanza hapa ilikula hela ambayo Mbeya ungeongezea kidogo ukachukua pikipiki mpya dukani, na hapo hujaweka mafuta, hujalipia maegesho, hujapigwa faini kwa kusimama dakika chache mahali pasiporuhusiwa. Nchi hii kila kitu kina bili. Nyumba ina bili, takataka zina bili, hata televisheni unailipia leseni. Ndiyo maana nilipogundua kitu kisicho na bili nilikishika kwa mikono miwili.

Naishi Bristol. Hapa kuna njia inayokwenda hadi mji wa Bath, kilomita kama 21, lami tupu, hakuna gari. Zamani ilikuwa reli. Ilipofungwa, watu wa kujitolea walianza mwaka 1979 kuigeuza kipande kwa kipande iwe njia ya baiskeli na miguu, na mwaka 1986 ilikuwa imekamilika. Kwa kuwa treni haipendi milima, njia nzima ni ya kuteleza tu. Sehemu moja, Staple Hill, unapita ndani ya handaki la reli lenye taa, baridi linakupiga usoni hata kama nje kuna jua. Mara ya kwanza nilifikiria TAZARA yetu na mahandaki yake, nikasema afadhali sisi reli bado tunaihitaji. Lakini Mwingereza yake ilipomshinda hakuiachia majani.

Asiyewahi kukaa huku wakati wa baridi hawezi kujua kwa nini mtu mzima anashangilia mwezi wa nne. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Natoka gizani naingia gizani, na katikati hapo taa za umeme. Mtu wa Makete au Njombe ataniambia baridi anaijua, ameona barafu kwenye majani mwezi wa sita. Sawa. Lakini Njombe saa nne jua liko juu ya bati. Hapa unaweza kukaa wiki nzima hujaona kivuli chako. Kuna Watanzania niliowakuta hapa ambao kila Januari wanaacha kupokea simu. Si maringo, jamani.

Halafu mwisho wa Machi wanasogeza saa mbele, na ghafla mambo yanabadilika. Ikifika katikati ya Mei jua linazama karibu saa tatu usiku. Unatoka kazini saa kumi na mbili na bado una mchana wa kuchezea. Kila mtu anatoka nje. Wazee wangu kazini wanadai wasukumwe bustanini. Mimi ninachukua baiskeli.

Nikikuambia nimeona nini kwenye hizo njia utacheka, maana kwa mtu aliyezaliwa nchi yenye Ruaha si wanyama wa kujisifia. Paa wadogo alfajiri, masikio juu, wanakutazama kisha wanaruka uzio. Mbweha anayekatiza njia bila haraka. Mdiria wa rangi ya samawati, ndege anayepita juu ya mto kwa kasi mpaka unajiuliza kama umemwona kweli. Mwezi wa nne wanarudi mbayuwayu, wale wale wanaojaa kwenye nyaya za umeme kwetu wakati mvua zinaanza, na huku wanatangazana kana kwamba mgeni wa heshima kafika. Kwenye korongo la mto Avon kuna kozi, yule ndege mwindaji ambaye akiamua kushuka anapita kilomita 300 kwa saa. Mzee mmoja aliyekuwa pale na darubini ya miguu mitatu aliniona nakodolea anga tupu, akaishusha kidogo, akanipisha. Hakuniuliza natoka wapi, hakuniuliza nitarudi lini. Alisema tu, kiota kiko kushoto kwa ule mti. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa.

Na kuna mbuzi. Nisikilizeni vizuri: mbuzi. Upande wa Clifton Down kuna kibonde ambako waliachiwa mbuzi mwaka 2011 ili wale vichaka vilivyokuwa vinaifunika mimea adimu ya majabalini. Watu wenye shahada zao, na watoto wao, wanasimama kwenye uzio kuwatafuta. Asiyewaona anaondoka amenuna. Nilimtumia mama picha. Akajibu, "Hawana mwenyewe?"

Jumamosi saa tatu asubuhi nakwenda parkrun. Ni mbio za kilomita 5 kwenye bustani za umma, zilianza London mwaka 2004 na watu kumi na watatu, sasa ziko nchi nyingi. Hulipi hata senti, unajiandikisha mara moja tu. Mwanzoni waliniona mweusi, mwembamba, nimesema natoka Afrika Mashariki, wakanisogeza mbele kabisa ya mstari kwa heshima. Aliyenipita wa kwanza alikuwa bibi mwenye mvi akisukuma mjukuu kwenye kigari. Sasa hivi wanajua. Nimezaliwa mita 1,700 juu ya bahari lakini mapafu yamesahau.

Kitu kilichonigusa pale ni yule mtu wa mwisho. Kila Jumamosi kuna mfanyakazi wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili mkimbiaji yeyote, hata awe mzito vipi, asiwe yeye anayefunga mkia. Na watu wanabaki kumpigia makofi. Niliwasimulia habari za mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka 1968 wa mwisho kwenye marathoni, mguu umefungwa bandeji. Hawakuwa wanamjua. Wiki iliyofuata mmoja alikuja ameshamsoma, anamtaja kwa majina yake yote matatu.

Lakini nisiwauzie pepo. Kwenye njia hizi mara nyingi mweusi ni mimi peke yangu. Mama mmoja alinisimamisha kwenye njia ya mashambani, mbwa wake akininusa viatu, akaniuliza kwa sauti ya upole sana kama nimepotea. Nilikuwa nimevaa namba ya mbio kifuani. Nikamwambia hapana, na wewe je? Hakuipenda. Hasira ile ilinikaa mpaka Jumatano. Kilichonisaidia ni kujua kwamba sheria iko upande wangu: Uingereza na Wales zina njia za umma zaidi ya kilomita 200,000, nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia. Na wala hawakuzipata kwa kuchekewa. Haki ya kukanyaga milima iliyofungwa na matajiri ilipiganiwa miaka mingi. Aprili 1932 vijana wa viwandani walipanda kwa nguvu mlima uitwao Kinder Scout, baadhi yao wakafungwa. Kwa hiyo ukiulizwa kama umepotea, jibu ukiwa umesimama wima.

Wanaojiandaa kuja, chukueni haya. Baiskeli nunua iliyotumika, lakini muuzaji akikataa ufike kwake, achana naye, hiyo imeibiwa. Kufuli lisiwe la bei rahisi kuliko chakula chako cha mchana. Taa mbele na nyuma usiku ni sheria. Kibao kikisema njia ya miguu, usipite na baiskeli. Kikisema njia ya farasi, pita ila mpishe farasi. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali. Wa huku hawajazoea kupigiwa mluzi. Ukitoka kwenye majani marefu jikague kupe, usione ni wa ng'ombe tu, wana ugonjwa wao. Na kama una uwezo wa kuchagua mwezi wa kuja, kwa jina la Mungu usije Novemba.

Sasa kinachoniuma. Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani. Asubuhi nikavaa viatu nikatoka mtaa wa Forest kukimbia kuelekea juu. Bodaboda akanifuata pole pole, "Bosi, panda, buku tu." Mama muuza maandazi akasimama kuangalia nyuma yangu nani ananifukuza. Msinielewe vibaya, Mbeya watu wanakimbia. Tuna Tulia Marathon, tuna vikundi vya joging vya Jumamosi alfajiri, fulana sare, nyimbo, kiongozi na filimbi mbele. Ile raha ya kuimba mkikimbia Bristol haipo. Huku kila mtu na vidude vyake masikioni. Lakini jaribu kutoka peke yako, bila sare, bila jembe, bila mzigo, uingie msituni. Aidha ni mwizi, aidha unatafuta dawa.

Na tuna nini? Loleza, mita 2,656, iko nyuma ya mji, unaiona ukiwa sokoni Mwanjelwa. Mlima Rungwe una kipunji, nyani ambaye dunia ya sayansi ilimjua mwaka 2003 baada ya wawindaji wa Kinyakyusa kuwadokeza watafiti; mwaka 2006 ikabidi wamtungie jenasi mpya kabisa. Babu zetu walikuwa naye siku zote na jina walimpa wao. Kitulo iko pale juu ya Matamba, hifadhi ya taifa tangu 2005, aina 45 za okidi zinazoota ardhini, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na kwa miaka watu wamekuwa wakizichimba mizizi kuipeleka Zambia ikapikwe chikanda. Inachanua Desemba mpaka Aprili. Yaani majira yale yale ambayo mimi niko Bristol gizani nameza vidonge vya vitamini D, nyumbani kuna uwanda mzima wa maua na watu wangu wa Uyole hawajawahi kuukanyaga.

Siwalaumu sana. Kiingilio cha Mtanzania hakimuui mtu. Kinachoua ni kufika. Kutoka Chimala unapanda ile barabara ya Hamsini na Saba, jina lenyewe ni idadi ya kona, na wakati wa maua ndio wakati wa mvua na tope. Huwezi kumwambia mtu anayehesabu nauli ya daladala aende kuangalia okidi. Bristol natoka mlangoni na baada ya dakika kumi niko porini, bure, na sijaomba ruhusa kwa mtu. Hilo ndilo nimelipenda, Baba Mdogo, na ndilo ninalolionea wivu kwa niaba yenu.

Januari nakuja. Nimeomba likizo mapema, nimesema safari hii nafika Kitulo, mvua inyeshe isinyeshe. Jana nilimpigia dereva wa Chimala niliyepewa namba yake, nikamwambia nataka gari la kupanda Matamba, kwenda na kurudi. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, naenda kuangalia maua.

Akapandisha bei.