Menyu iliyonirudia na wino mwekundu

Kazi yangu ni kuchapa menyu, kadi za harusi na vipeperushi hapa Mombasa, karibu na Mji wa Kale. Kiingereza cha kuzungumza hakinipi taabu. Kilichoniumbua ni cha kuandika, na hasa herufi kubwa.

Mama mmoja mwenye mgahawa alitaka menyu arubaini, na ukurasa wa nyuma uwe na maneno machache ya kuwaeleza wageni habari za mtaa. Nikachapa, nikazitia plastiki, nikapeleka. Siku ya tatu akarudi na nakala moja. Mwanawe anayeishi Uingereza alikuwa amekuja likizo, akaishika kalamu nyekundu. "Mwanangu, tazama mwenyewe," akaniambia, "karatasi imekuwa kama imechinjiwa kuku."

Nilikuwa nimeandika samaki aandaliwe "with Fresh lime and swahili coconut sauce". Nyuma palikuwa na "the old portuguese Fort". Hesabu ya plastiki peke yake ilitosha kuninyima usingizi.

Kosa langu lilikuwa na hoja yake. Shuleni tulikaririshwa kwamba majina ya watu na mahali huanza kwa herufi kubwa, vivumishi kwa ndogo. Sasa "swahili" pale inaeleza mchuzi ni wa namna gani, kwa hiyo ni kivumishi, kwa hiyo ndogo. "Fresh" niliikuza kwa sababu ndiyo inayouza chakula. Kompyuta ilinipigia mstari mwekundu chini ya "portuguese", ni kweli, lakini ilikuwa imeupiga pia chini ya mahamri na mbaazi, nami nikazoea kuipuuza.

Kijana wa jirani anayesomea ualimu ndiye aliyenipa jina la kitu chenyewe. "Dada, hizo ni proper adjectives." Nikatafsiri kichwani: vivumishi vya pekee. Nikafungua kitabu cha sarufi ya Kiswahili, nikakutana na -ote, -enye, -enyewe, -ingine. Nilisoma kurasa mbili nzima kabla sijang'amua kwamba nimebisha hodi nyumba siyo. Vya kwetu vimeitwa vya pekee kwa sababu zao. Vya Waingereza ni vile vilivyozaliwa na nomino za pekee. Portugal imezaa "Portuguese", Oman imezaa "Omani", Malkia Victoria akazaa "Victorian". "Fresh", "old" na "spicy" havina jina la mtu wala la mahali ndani yake, basi hivyo ni vya kawaida.

Hata hivyo mambo yalinikaa kichwani nilipoyarudisha kwenye Kiswahili. Tunasema mambo ya kitoto, vazi la kifalme, na k yake ni ndogo. Tunasema vyakula vya Kichina, ngome ya Kireno, na K yake ni kubwa. Ki- ni ileile. Mtoto ni yeyote yule, China ni moja. Kumbe sheria nilikuwa naifuata miaka yote bila kuijua.

Basi nikachukua penseli, nikapita neno kwa neno nikiuliza: humu ndani mna jina? Likiwemo, kubwa. Lisipokuwemo, ndogo, hata likiwa tamu namna gani.

Penseli ilifanya kazi vizuri mpaka nilipofika kwenye neno linalofuata kivumishi. "Indian spices": viungo ni viungo tu, s ndogo. "Indian Ocean": yote mawili makubwa, maana hilo zima ndilo jina la bahari. Vivyo hivyo "Portuguese fort" ina f ndogo, lakini Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina F kubwa. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, na mabango ya mjini ni ushahidi. Kwenye "non-Kenyan", kile kiambishi cha mbele kinabaki kidogo na K inabaki kubwa.

Rafiki yangu wa Lubumbashi aliponiona nahangaika alicheka. Yeye amesoma kwa Kifaransa, na huko huandikwa "cuisine congolaise" kwa c ndogo bila mtu kuulizwa. Nikamwambia Kiingereza kina ukoloni wake.

Kuna pia maneno yaliyosahau kwao. Kahawa ya "arabica" ina Arabuni ndani yake, lakini kwenye menyu huandikwa kwa a ndogo, kwa sababu sasa ni jina la aina ya mbuni; ile tunayolima Kenya kwa wingi ni hiyo. "Quixotic", yaani mwenye kukimbiza ndoto zisizowezekana, imetokana na Don Quixote, mhusika wa riwaya ya Kihispania, na hakuna tena anayemkumbuka kwa herufi kubwa. Kwa maneno ya aina hii penseli yangu haisaidii kitu. Nafungua kamusi.

Lililonishinda hata kwa kamusi ni "french fries". Wengine huiandika kwa f ndogo, kwamba siku hizi ni namna tu ya kukata viazi na Ufaransa haimo tena. Wengine hushikilia F kubwa. Nilimpelekea yule mama menyu mpya kwa gharama yangu, nikamwonyesha mstari huo mmoja nilioacha wazi, nikamweleza kisa chote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Andika chipsi," akasema.