Sijui Alipo

Jumapili jioni, Nyalenda, Kisumu

Ijumaa mpwa wangu alirudi na daftari la Kiingereza, ukurasa mzima umejaa kalamu nyekundu. Yuko kidato cha tatu na hapendi kuacha kitu asichokielewa. Akaniwekea kidole kwenye sentensi moja: "Can you tell me where is the post office?"

"Anti, kwani hapa nimekosea wapi?"

Nikamwambia aandike "where the post office is". Akaandika. Kisha akaniangalia, akauliza kwa nini. Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba ndivyo inavyosemwa, na hilo si jibu la kumpa mtoto anayetaka kuelewa.

Kosa hilo nalifahamu kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliketi mbele ya watu watatu hapa mjini nikitafuta kazi ya ukarani. Mwishoni wakaniuliza kama nina swali. Nikasema, "May I know when will you call me?" Mmoja wao akairudia sentensi yangu polepole, wenzake wakisikiliza, kisha akaigeuza: "when you will call me". Hakueleza chochote. Kazi sikuipata. Sidhani niliikosa kwa sababu ya neno moja kukaa mahali pasipo pake, lakini siku ile nilitembea hadi stendi nikiamini hivyo, na hadi leo nikiandika barua pepe ya Kiingereza, nikifika kwenye "when" au "where" mkono husita.

Leo asubuhi nilikwenda Kibuye. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko, na fundi wangu wa cherehani alikuwa amehama kibanda. Nikamwuliza mama mmoja muuza nyanya: "Samahani mama, unajua alikohamia yule fundi wa nguo?" Akanielekeza vizuri. Nilikuwa nimeshampita muuza mitumba wa tatu hivi neno langu mwenyewe liliponirudia. Alikohamia. Sikusema "alihamia wapi". Ningeweza kusema hivyo, na angenielewa vilevile, ila ulimi ulichagua lile jingine.

Nilisimama pale pale na mfuko wangu.

Kiswahili kina njia mbili. Ya kwanza ni kulibeba swali zima jinsi lilivyo na kulipachika ndani ya sentensi: "Sijui yuko wapi." Swali halibadiliki hata herufi. Ya pili ni ile ya o-rejeshi (silabi kama -po-, -ko- au -cho- kwenye kitenzi), ambayo mpwa wangu anaimudu kabisa katika somo la Kiswahili: "Sijui alipo." "Nionyeshe anapokaa." "Sikusikia alichosema." Hapo hakuna swali tena. "Alipo" ni mahali. "Alichosema" ni kitu, kama vile ningesema sikusikia wimbo au sikusikia kengele.

Kiingereza sanifu kinaikubali ile ya pili tu. "Where is he?" ni swali, ndiyo maana kitenzi kinamtangulia mtendaji. Likishaingia ndani ya "I don't know", linakuwa jina la mahali, na maneno yanarudi kwenye mpangilio wa sentensi ya kawaida: mtendaji kwanza, kitenzi baadaye. "I don't know where he is." Sisi tunakosea kwa sababu tunaipeleka ile njia yetu ya kwanza mahali ambapo haipokelewi. Ubongo haujalala hapo. Unafuata sarufi nzuri ya lugha nyingine. Na hata miongoni mwa wenye Kiingereza chao wapo wasiofuata kanuni hii: kule Ireland mtu husema "I asked him was he coming" bila wasiwasi. Mtihani wetu ndio unaodai ule usanifu.

Nilirudi nyumbani kabla ya saa sita, nikamwita mpwa wangu mezani. Nikamwambia, kabla hujaandika Kiingereza, jaribu kwanza kuisema kwa o-rejeshi. Ikikubali "anapokaa", basi swali limekufa, na maneno yasipinduliwe.

Shida ilikuwa kwenye "do". "Where does she live?" aliigeuza ikawa "I know where she live". "Does" ilipoondoka iliondoka na ile "s" yake, na kitenzi kikabaki uchi. Inabidi irudishiwe: "where she lives". Na "did" vivyo hivyo: "What did he say?" inakuwa "what he said", wakati uliopita unahamia kwenye kitenzi chenyewe. Hapa tulikaa muda mrefu, chai ikapoa, tukaandika mifano hadi ukurasa ukaisha. Maswali ya ndiyo au hapana yalikuwa mepesi, maana "kama" yetu na "if" yao zinafanya kazi ileile: "Sijui kama amefika", "I don't know if he has arrived". Alama ya kuuliza nayo inafuata sentensi ya nje. "Do you know where he is?" inayo, "I wonder where he is" haina.

Nilikuwa naondoa vikombe akasema, "Anti, ngoja. Na 'Tell me what is wrong'? Mbona si 'what wrong is'?"

Nikaketi tena. Nilifikiri sana. Nikamwambia amtafute mtendaji. Katika "where is the post office" mtendaji ni posta, na alikuwa amesukumwa nyuma, ndiyo maana tunamrudisha mbele. Katika "what is wrong", mtendaji ni nani? Akasoma kwa sauti mara mbili. "Ni hiyo 'what' yenyewe." Basi iko mbele tayari, hakuna wa kurudishwa. Ndivyo ilivyo pia katika "I don't know who broke the cup". Kwa Kiswahili ningesema "sijui aliyevunja kikombe", na huyo "aliyevunja" amesimama mwanzoni kabisa.

Akachukua kalamu ya risasi, akarudi kwenye ule ukurasa mwekundu, akaanza kuandika sentensi zote upya chini ya zile za zamani. Hakuzifuta za zamani.